Mtoto Asiye na Maneno Naye Husema

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Nalo ni afya ya akili na utulivu wa moyo wa wenzetu wenye ulemavu wa makuzi, yaani waliozaliwa nao au walioupata tangu utoto: ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, na hali iitwayo Down. Mara nyingi tumesikia habari za shule zao na viti vyao vya magurudumu. Lakini wanapofadhaika, wanapohuzunika, wanapopiga kelele usiku na kujiuma, ni nani huwatibu, na kwa namna gani?

Jambo hili tumelianza kwa sababu ya mama mmoja. Alitujia kutoka kijiji kimoja cha upande wa Pangani, pamoja na mwanawe wa miaka 16. Kijana huyo hana maneno zaidi ya matatu au manne, lakini tangu utoto alikuwa mpole, akimsaidia mama yake kukusanya nazi na kuteka maji. Siku moja akaanza kupiga kichwa ukutani. Akakataa chakula, akauma mkono wake mpaka ukatoka damu, akampiga dada yake. Majirani wakasema amepandwa na pepo. Akapelekwa kwa mganga, nako fedha zikaenda na hali ikabaki. Akapelekwa mahali pengine pa tiba. Huko hakupimwa, akapewa vidonge vya kumtuliza. Vidonge vikamlaza mchana kutwa, na kila alipoamka akaanza upya. Mwishowe akafungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya nyumba.

Miezi mitano ilipita hivyo. Kisha muuguzi mmoja, aliyekuja kijijini kuchanja watoto wachanga, alimwona, akaketi naye kwa upole, akamwomba afungue kinywa. Akaona jino la nyuma limeoza mpaka mzizini, na ufizi umejaa usaha. Jino liling'olewa, akapewa dawa ya kuua vijidudu, na baada ya juma moja kamba ikafunguliwa.

Yule mama hakuja kwetu kumshitaki mtu. Alikuja na swali: “Baba Padri, miezi mitano mwanangu alikuwa akiniambia kwamba anaumwa, nami nikamfunga. Je, atanisamehe?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikwenda kuuliza waganga wa hospitali, walimu na wazazi, tukasoma, na tuliyojifunza ndiyo tunayoyaleta hapa.

Mambo matatu yasiyofanana

Kwanza, yafaa tutofautishe mambo matatu ambayo watu wetu huyachanganya. La kwanza ni ulemavu wenyewe wa makuzi. Huo si ugonjwa wa kupona leo au kesho. Ni hali ya mtu katika maisha yake yote, naye aweza kujifunza na kuendelea ndani ya hali hiyo, kila mmoja kwa mwendo wake. La pili ni ugonjwa wa akili, kama huzuni kubwa isiyokwisha, hofu ya kupita kiasi, au kusikia sauti zisizokuwapo. Mtu mwenye ulemavu aweza kuupata kama mtu mwingine yeyote, na hata kwa wepesi zaidi. La tatu ni matendo magumu: kupiga, kuuma, kuvunja vitu, kutoroka, kujidhuru. Hayo peke yake si ulemavu, wala si lazima yawe ugonjwa wa akili. Mara nyingi ni njia ya kusema neno ambalo kinywa hakiwezi kulitoa.

Anayeyachanganya matatu haya hukosea kwa namna ileile. Kila akionacho hukitupia ulemavu. Mtoto asipokula, husema, “Ndivyo walivyo.” Akilia usiku, “Ndivyo walivyo.” Waganga wa nchi nyingine wamelipa kosa hili jina, wakisema kwamba ulemavu hutia kivuli juu ya ugonjwa, hata mganga mwenyewe asiuone. Jino la kijana wa Pangani lilikuwa ndani ya kivuli hicho kwa miezi mitano.

Pwani yetu na milima yake

Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba mkoa wa Tanga una historia ndefu katika utunzaji wa wagonjwa wa akili. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, wamisionari Waprotestanti kutoka Ujerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, nayo ndiyo hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki, kabla ya ile ya Mirembe, Dodoma. Ndugu zetu Waluteri wameiendeleza, na sehemu ya tiba yake imekuwa kazi za mikono na za shamba, ili mgonjwa asikae bure akihesabu siku.

Lakini wenye ulemavu wa akili walisubiri zaidi ya wengine. Shule ya wasioona ya Buigiri ilifunguliwa mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora, na ile ya wasioona ya Irente karibu na Lushoto, zote mbili zilifunguliwa mwaka 1963. Watoto wenye ulemavu wa akili hawakupata mafundisho yao katika nchi hii mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata neno lao halikuwa zuri. Wazee wetu waliwaita mataahira, na sisi wa magazeti tuliliandika neno hilo bila haya. Leo huko Irente ipo shule ya Rainbow, inayofundisha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Na mwaka 2007 kilifunguliwa huko Magamba, Lushoto, chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho kilitilia mkazo elimu ya walimu wa watoto hao.

Kwa hiyo tunayo hospitali ya wagonjwa wa akili, tena tunazo shule. Pengo lipo katikati. Mwenye ulemavu akiugua moyo au akili, shule husema, “Huyu ni mgonjwa, mpelekeni hospitali.” Hospitali husema, “Huyu ni mlemavu, hana dawa, mrudisheni nyumbani.” Naye mama hubaki barabarani, kati ya milango miwili.

Maswali manne kabla ya dawa

Basi, mtu mwenye ulemavu akibadilika ghafula, yafaa nini? Kabla ya kwenda kwa mganga wa kienyeji, na kabla ya kuomba vidonge vya kumlaza, mzazi na mganga wajiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Je, mwili wake waumwa? Tazameni meno, masikio, koo, tumbo na ngozi. Kufunga choo kwa siku nyingi huumiza sana, na asiyeweza kusema huonyesha kwa kujipiga. Mtoto anayepiga sikio lake pengine sikio latoka usaha. Msichana anayefadhaika kila mwezi kwa siku zilezile pengine ana maumivu ya hedhi. Malaria nayo ipimwe. Mwenye hali ya Down aweza kupungukiwa na nguvu ya tezi ya shingo, akawa mzito, mwenye usingizi na huzuni. Watu husema amekuwa mvivu, kumbe damu yake ikipimwa ugonjwa utaonekana, na dawa yake ipo. Kadhalika kifafa. Ugonjwa huu ni mwingi kwa wenye ulemavu wa akili, na si kila kifafa huangusha mtu chini. Kuna kile cha kuduwaa kwa kitambo, au kuzunguka bila kujitambua.

Hapa lazima tuseme neno juu ya degedege. Katika pwani yetu wengi bado huamini kwamba degedege ni jambo la ndege au pepo, na kwamba sindano ya hospitali yaweza kumwua mtoto. Imani hiyo imewachelewesha wengi, na wengine wamebaki na madhara ya ubongo maisha yao yote. Mwaka 2006 waganga walieleza habari za watoto waliopimwa katika kliniki ya Dar es Salaam, ambao baadhi yao dalili za usonji zilianza baada ya malaria kali. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe zahanati saa ileile. Hivyo pengine ataepushwa na ulemavu tunaouzungumzia.

Swali la pili: Je, kuna kitu kilichobadilika mahali pake? Mwenye usonji hupenda kila kitu kiwe katika utaratibu wake. Nyumba kuhamwa, mashine ya kusaga kuwekwa jirani, mwalimu kuondoka, chakula kuliwa saa nyingine: kwetu ni mambo madogo, kwake ni kama dunia kutikisika.

Swali la tatu: Je, moyo wake umejeruhiwa? Wengi hudhani kwamba mwenye ulemavu wa akili hajui msiba. Mama yake akifa, hupelekwa kwa jirani siku ya mazishi ili asisumbue watu. Hakuna amwambiaye neno, wala haoni kaburi. Kwake mama ametoka asubuhi moja na hakurudi. Miezi miwili baadaye akiketi mlangoni na kukataa kula, watu husema ulemavu umezidi. Hapana. Ni huzuni ya mtu aliyefiwa. Aambiwe kwa maneno mafupi na ya kweli, ashike udongo pamoja na ndugu zake, alie nao. Na huzuni ikizidi, atibiwe kama tungalivyotibiwa sisi.

Swali la nne ni gumu, lakini hatuna ruhusa ya kulikwepa: Je, kuna mtu anayemdhuru? Watoto wenye ulemavu hupigwa na kunajisiwa zaidi ya watoto wengine, kwa kuwa mwovu hudhani kwamba hawatasema, au wakisema hawatasadikiwa. Mtoto anayeanza ghafula kumwogopa mtu fulani, kukataa kuvuliwa nguo, au kulowanisha kitanda ilhali alikwisha acha, asichapwe. Apelekwe hospitali upesi, na habari ipelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Jambo kama hilo halimalizwi kwa mbuzi na radhi baina ya wazee.

Daftari la mistari mitatu

Ikiwa mwili umepimwa na maswali mengine yameulizwa, lakini matendo yangalipo, chukueni daftari la shule, mpige mistari mitatu. Katika safu ya kwanza andikeni yaliyotokea kabla ya tendo. Katika ya pili, tendo lenyewe. Katika ya tatu, yaliyofuata baada yake. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Fanyeni hivyo kwa majuma mawili.

Mambo yataanza kuonekana. Pengine mtoto hupiga kelele kila alasiri, na kila akipiga kelele hupewa kashata ili anyamaze. Basi amejifunza kwamba kelele ni pesa ya kununulia kashata. Hatuwezi kumlaumu, sisi ndio tuliomfundisha. Au pengine daftari laonyesha kwamba hupiga watu kila anapokuwa na kiu, kwa sababu hana namna ya kuomba maji. Afundishwe ishara ya mkono, au aonyeshwe picha ya kikombe. Na kila aonyeshapo picha, apewe maji mara moja na kusifiwa. Njia mpya ikimfaa kuliko ile ya kupiga, ataiacha ile ya kupiga kidogo kidogo. Kazi hii yataka subira, na nyumba nzima ifuate mwenendo mmoja. Bibi asitoe kashata kwa siri.

Fimbo haisaidii. Humfundisha mtoto kumwogopa mwenye fimbo, wala haimpi neno moja la kuombea maji. Kamba nayo huumiza mwili, na huficha dalili ambazo mganga angepaswa kuziona.

Juu ya dawa

Hatusemi kwamba dawa ni mbaya. Kwa wengine dawa za hospitali ya akili ni za lazima, na mwenye kifafa asiache dawa yake hata siku moja, maana kuacha ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma. Tunasema kwamba dawa ya kumtuliza mtu isitolewe badala ya kumpima. Kosa hili si la nchi maskini tu. Mwaka 2015 wataalamu wa Uingereza walikadiria kwamba watu wazima wenye ulemavu wa akili kati ya 30,000 na 35,000 walikuwa wakimeza kila siku dawa za akili bila sababu ya kutosha ya kitabibu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huko kampeni ya kupunguza dawa hizo.

Kwa hiyo mzazi anayo haki ya kumwuliza mganga, kwa adabu, maneno haya: “Dawa hii ni ya ugonjwa gani? Ina madhara gani? Tutaitazama tena lini ili kujua kama yafaa?” Na anayemtunza mwenye kifafa ajue kwamba dawa iitwayo fenobabitoni, ijapokuwa ni rahisi na imeokoa wengi, yaweza kuwafanya baadhi ya watoto wenye ulemavu wa akili wawe wakali na wasiotulia. Akiona hivyo asiiache mwenyewe. Arudi kwa mganga, naye ataweza kumbadilishia taratibu.

Tunaloliomba

Nchi yetu haikukosa sheria. Ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao katika kifungu chake cha 25 huagiza kwamba matibabu yawe karibu na watu walipo, hata vijijini. Shirika la Afya Duniani nalo lilianza mwaka 2008 mpango wa kufundisha waganga na wauguzi wa kawaida kutibu magonjwa ya akili, na mwongozo wake wa mwaka 2010 una sehemu juu ya ulemavu wa makuzi. Lipo pia fundisho la shirika hilohilo kwa wazazi wenyewe, ambalo limejaribiwa katika nchi zaidi ya 30.

Mkoa wa Tanga, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, una watu 2,615,597. Hospitali ya Bombo peke yake haiwezi kuwafikia wote, wala mama wa Mkinga au Kilindi hawezi kupanda basi kila juma na kijana anayeogopa kelele. Twaomba basi kwamba katika kila zahanati awepo angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa maswali yale manne. Twaomba hospitali zimpokee mwenye ulemavu mapema asubuhi, asikae saa tano katika foleni yenye makelele mpaka afadhaike, kisha aitwe mkorofi. Tena twaomba shule na hospitali ziandikiane barua, ili mzazi asibebeshwe maneno ya pande zote mbili.

Na sisi je?

Ingekuwa vizuri tumalize kwa kuwaagiza wengine, lakini haki hairuhusu. Miaka michache iliyopita, katikati ya ibada, mtoto mwenye usonji alipiga kelele kwa sababu ya kinanda. Sisi tuliokuwa mbele tulimtazama mama yake kwa jicho ambalo alilielewa. Akatoka naye, na kwa muda wa mwaka mzima hakurudi. Hatukumwambia toka, lakini tulimtoa. Tumekwenda kwake kuomba radhi, na sasa huketi karibu na mlango wa pembeni, mbali na kinanda; mtoto akichoka hutoka kidogo uani, kisha hurudi. Halikuhitaji fedha wala mtaalamu, ila mtu wa kumwuliza mama, “Ni nini kinachomsumbua?”

Wahenga husema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twaona mzigo wa jirani kuwa mwepesi kwa sababu hauko kichwani petu. Mama mwenye mtoto wa namna hii huenda hajalala usiku kucha kwa miaka kumi. Afya yake nayo ni sehemu ya tiba ya mtoto. Dada, shangazi, jirani, jumuiya ndogondogo: jipangeni mmoja mmoja, kila juma mtu akae na mtoto huyo saa mbili, mama alale au aende sokoni peke yake. Na ninyi akina baba mliokimbia nyumba mkisema, “Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa namna hii,” rudini. Mtoto ni wenu.

Wapo pia wanaoficha watoto ndani kwa kuona haya. Wahenga walikwisha sema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto aliyefichwa hapimwi, na asiyepimwa hatibiwi.

Sasa turudi kwa yule mama wa Pangani. Siku ile, tulipokuwa bado tukitafuta la kumjibu, mwanawe aliinuka, akachukua kikapu cha mama yake, akamvuta mkono kuelekea mlangoni, maana alikuwa amechoka kukaa. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Tulimwambia kwamba hakumfunga kwa chuki. Alimfunga kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwuliza. Wapo akina mama wengine, leo hii, wenye kamba mkononi na wasio na mtu wa kumwuliza. Kama mwamjua mmoja karibu nanyi, nendeni kwake kabla juma hili halijaisha, mkae, na mmwulize mtoto anasema nini.